Taja Kitu Kwanza

Sauti ya Rangi ilitoka chumbani, ikapita sebuleni alikokuwa mama yake akichambua mchele, ikafika barazani ambako mkewe alikuwa ameshika kichwa cha mteja.

"Nyuma yako, kenge we. Nyuma, nyuma. Haya, umekufa. Pumbavu zako."

Mteja alishtuka mpaka kitana kikamtoka mkononi. "Kuna ugomvi huko ndani?"

"Hapana, dada," alisema Msusi, akamrudishia kichwa mahali pake kwa kidole kimoja. "Anacheza gemu."

"Na nani?"

"Na watu."

Mteja alisubiri maelezo zaidi, hakuyapata. Mtaa mzima ulimjua Msusi kwa mambo mawili: mistari yake ya nywele ilinyooka, na mdomo wake haukuwa na safari. Ungemweleza siri ya ndoa yako ukaenda zako, siri ikabaki palepale kwenye kiti. Tangu aolewe katika nyumba ile hakuna jirani aliyewahi kusikia sauti yake ikivuka mlango, na mama mkwe, ambaye hakuwa mtu wa kumwaga sifa, alilitaja jambo hilo mbele ya wageni kama mtu anayewaonyesha kabati jipya. Msusi mwenyewe alijivunia. Kwao alifundishwa kwamba tabia njema ni kukaa kimya na kutomzibia mtu njia, na aliliamini hilo kwa moyo wote.

Chumbani, Rangi alikuwa amelala chali, kama alivyokuwa akilala tangu alipoanguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi, akipaka ukuta wa nje wa jengo refu. Kuanzia kiunoni kwenda chini mwili wake haukuwa na habari. Juu ya kifua chake palisimama kibao alichochongewa na wenzake wa saiti, chenye mwanya wa kushikilia simu ili mikono yake ibaki huru. Simu yenyewe walimchangia wao. Na ndio hao aliokuwa akicheza nao. Kila wakitoka kazini, wanne wao kila mmoja nyumbani kwake, na yeye kitandani, waliingia mchezoni kama kikosi kimoja. Gemu liliwatafutia wageni wa kuwa upande wao, na wageni wengine wa kupigana nao. Humo ndani Rangi alikimbia, aliruka kuta, alipanda maghorofa mpaka paani. Sioni haya kusema kwamba humo ndani alikuwa mzima.

Jioni ile, mechi ilipokwisha, ilisikika sauti ya Mrefu, ambaye saitini alikuwa akishika brashi jirani na Rangi, na mchezoni alikuwa kiongozi wa kikosi.

"Jamani, wametutupa jalalani tena."

Gemu lile lilikuwa na utaratibu wake wa kuwarudi wakorofi. Kila mchezaji alikuwa na alama za tabia. Ukitukana, ukitoroka mechi, ukiwaponza wenzako, wanakuripoti na alama zinashuka. Zikishuka sana unapangwa na walioshuka kama wewe, mkamalizane wenyewe huko. Ni utaratibu wa haki kabisa ukiusikia. Ila kikosi kikiingia pamoja, gemu lilichukua alama za aliye mbaya kuliko wote, likawavika wote. Na huko jalalani, kama walivyopaita, palikuwa na watu wa kumpiga risasi mwenzao kwa kujifurahisha, na watoto wenye sauti nyembamba waliokutukania wazazi kabla hujasalimia.

"Ni mimi?" aliuliza Rangi.

"Ni wewe, ndugu yangu. Wiki nzima ni wewe."

Saruji, mbeba mifuko, naye alikuwemo. "Mimi nashinda na mifuko mgongoni. Nikifika nyumbani nataka kucheza, sitaki mtoto wa watu amtukane marehemu mama yangu."

"Mimi sijamtukana mama wa mtu."

"Lakini unamwita mgeni kenge."

"Kwani ninyi siwaiti?"

"Sisi tumezoea. Wao wanajua tusi ni tusi."

Mrefu alikohoa. "Tumezungumza, Rangi. Kuanzia sasa tutaingia wanne, mpaka alama zako zikae sawa."

"Mmezungumza lini? Mbona mimi sikuwepo?"

Vitone vya kijani vilivyokuwa kando ya majina yao vilizimika kimoja baada ya kingine, mpaka kikabaki chake.

Msusi alipoingia na sahani, simu ilikuwa imelazwa kifudifudi. Rangi alishika chuma cha kitanda, akajivuta kwa mikono, akageukia ukutani. Msusi aliijua ile namna ya kugeuka. Ndivyo alivyogeuka aliporudishwa kutoka hospitali, akakaa hivyo mpaka mbavu zikahesabika, na nesi aliyekuja kumfunga vidonda aliwaita wanawake wawili wa nyumba ile nje, akawaambia bila kuzunguka: "Mgongo hautamuua. Hiki cha kutokula ndicho kitakachomuua." Kilichomgeuza wakati ule hakikuwa dawa wala dua za mama yake. Kilikuwa kile kibao, na sauti za wenzake zikimwita kenge.

* * *

Baada ya siku mbili za sahani kurudi zilivyokwenda, Msusi alifunga kitambaa kichwani akaenda saitini.

"Wa chakula wanapitia nyuma," alisema mlinzi wa getini bila kuinua uso.

"Siuzi chakula. Namtafuta Mrefu, fundi rangi."

Mlinzi akamtazama vizuri. "Wewe si mke wa yule aliyeanguka?"

Msusi aliitikia kwa kichwa, na uso wa mlinzi ukajifunga. Akapiga simu ofisini, akiwa amempa mgongo. Punde akatoka karani, binti mwenye viatu safi, akikanyaga vumbi kwa uangalifu.

"Mama, suala lenu la fidia lilishafungwa. Mumeo aliweka dole gumba. Ukikaa hapa getini watu wanaanza kuuliza maswali."

"Sikuja kwa hilo."

"Umekuja kwa lipi?"

Msusi angesema nini? Kwamba amekuja kuomba mwanamume mzima arudishwe kwenye gemu? Alitazama viatu vya karani. "Nimekuja kumsalimia shemeji yangu."

"Basi kamsalimie ng'ambo ya barabara," alisema karani. Mlinzi alicheka kidogo, kwa sababu karani alitegemea kuchekewa.

Alisimama ng'ambo ya barabara, kando ya lundo la kokoto, juani. Magari ya mchanga yalipita yakamvumbisha, naye kila mara alisogea nyuma asiwe njiani kwa mtu. Mchana mafundi walipotoka kula, Mrefu alikuja akijifuta mikono kwenye suruali. Kope zake zilikuwa na rangi nyeupe. Alipomwona alisita, kama mtu aliyekumbuka kitu alichosahau kukifanya.

"Shemeji. Kwema?"

"Hali."

"Hali chakula?"

"Tangu mlipomwambia. Anameza maji ya dawa tu."

Mrefu akatazama buti zake. "Sisi hatumchukii, shemeji. Ungetusikia tunavyomtaja. Lakini kikosi si changu peke yangu. Wenzangu wamechoka kutukanwa na wehu kwa sababu ya mdomo wa mtu mmoja."

"Mkiingia naye tu, hivyohivyo."

"Watatoka wao. Nitabaki mimi na yeye, na wawili si kikosi."

Msusi hakuwa hodari wa kubembeleza. Maneno aliyoyapanga njiani yalikuwa yamekwisha, na jua lilikuwa limemkausha koo. "Basi niambie, hizo alama zinapandaje?"

"Anacheza mechi safi, peke yake, na wageni. Asitukane. Akae kimya tu, mpaka mechi iishe. Akifanya hivyo mara kadhaa, zinapanda zenyewe."

"Akae kimya tu?"

"Kimya tu, shemeji. Jumamosi jioni tutamjaribu. Zikiwa zimepanda, anaingia." Akasugua kope, rangi haikutoka. "Zisipopanda, mimi sitakuwa na la kuwaambia wenzangu."

Msusi alirudi nyumbani akiwa amefarijika. Kati ya mambo yote magumu ya dunia hii, wamemtaka mumewe afanye lile moja ambalo yeye alilijua tangu utotoni.

* * *

Rangi alizipokea habari hizo akiwa bado anatazama ukuta. Kisha akashika chuma, akajivuta, akalala chali, akaomba maji, halafu akala vijiko kadhaa vya supu. Mama yake alitoka nje haraka ili asionekane akifuta macho.

"Nipe taulo," alisema Rangi.

"La nini?"

"La kuuma."

Akaingia mechi na wageni, pembe ya taulo ikiwa katikati ya meno. Msusi alikaa ukingoni mwa kitanda akitazama kioo cha simu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Aliona vidole vya mumewe vikienda mbio, aliona kijitu chake kikipanda ngazi. Upande wao alikuwemo binti mmoja ambaye sauti yake ilikuwa ya furaha, akiuliza njia, akishukuru. Mechi ilienda vizuri. Misuli ya shingo ya Rangi ilikuwa imesimama. Kisha kwenye pembe ya kioo kikatokea kivuli nyuma ya yule binti, na taulo likaruka.

"Dirisha, kenge we. Dirishani, ng'ombe, lala chini."

Kijitu cha binti kililala chini. Risasi zikapita juu yake. Alikuwa amepona.

"Wewe kaka," ilisema sauti ya binti, si ya furaha tena, "mimi sijakukosea kitu. Kwa nini unanitukana?"

"Nimekuokoa."

"Nakuripoti."

Alama zikashuka palepale, mbele ya macho yao. Rangi alicheka kicheko kibaya, kikavu, akaichomoa simu kwenye kibao akamtupia mkewe mapajani.

"Chukua. Sitaki kuiona."

"Jaribu tena, baba. Ni kukaa kimya tu."

"Nani amekwambia ni kukaa kimya tu? Mrefu?"

Msusi aliitikia kwa kichwa.

"Basi nikueleze kimya cha Mrefu. Huko juu hatutukanani kwa ubaya, mke wangu. Unataja kitu kwanza, halafu unatukana. Ubao, kenge we. Kamba, pumbavu. Kitu kwanza, ili mguu usimame. Tusi baadaye, ili mtu ajue huchezi naye. Ukianza na tusi, mtu anageuka kukutazama, na akigeuka anakanyaga hewa. Tumefanya kazi hivyo miaka na miaka, hajaanguka mtu. Siku ile wenye jengo walikuja na wageni wa mashati meupe. Asubuhi tukaambiwa, leo asisikike mtu akifungua mdomo, saiti ionekane ya wastaarabu. Mrefu aliuona ubao wangu umechomoka. Nilimwona akiuona. Akatazama wageni kule chini, kisha akainua mkono. Hivi. Kama mtoto darasani anayeomba ruhusa."

"Akasema nini?"

"Hakusema. Alikuwa na adabu."

Sebuleni mama yake aliacha kuchambua mchele.

"Kwa hiyo mimi nikimwona mtu anakaribia kufa, siwezi," alisema Rangi. "Hata kama ni katuni. Mdomo unafunguka wenyewe." Akashika chuma cha kitanda.

* * *

Hapa ndipo Msusi alipofanya kosa lake, na lilikuwa kosa la mtu mwema, na makosa ya namna hiyo ndiyo magumu kusamehewa.

Kila mchana, vidonge vya maumivu vikishamlaza Rangi, yeye aliichukua simu, akaenda kukaa barazani kwenye kiti cha wateja. Vitufe vya kuingilia alikuwa ameviona. Maandishi yalikuwa ya lugha ya kigeni ambayo hakuisoma, lakini mlango ni mlango. Aliingia mechi na wageni kwa jina la mumewe, akakipeleka kile kijitu taratibu, kikigongana na kuta, mpaka akapata kona nzuri nyuma ya matangi ya maji. Akakisimamisha hapo. Akakunja mikono.

Hakumtukana mtu. Hakumpiga mtu. Hakumzibia mtu njia. Wageni wa upande wake walikimbia huku na huko wakiita, wengine kwa lugha asizozijua, wengine kwa lugha aliyoijua vizuri: "Wewe wa kwenye matangi, tusaidie. Wewe, unasikia?" Alisikia. Aliwaona maadui wakiwanyemelea kwa nyuma, na mara moja moyo wake uliruka hadi kooni, ukafika mdomoni kabisa, naye akaumeza. Alikumbuka maneno ya mumewe kuhusu ubao. Lakini hilo lilikuwa jukwaa, alijiambia, na watu wa kweli. Hawa walianguka na kuinuka mechi iliyofuata. Alivumilia mpaka mwisho wa kila mechi, kama alivyoelekezwa, na hakutoroka hata moja.

Mwisho wa kila mechi ulikuja utepe wa manjano wenye mchoro wa kiganja kilichoinuliwa. Msusi aliupenda ule mkono. Aliona wanamsalimu, au wanamshukuru kwa utulivu wake. Alibonyeza panapobonyezwa, akaingia mechi nyingine. Mteja mmoja alimkuta hivyo akamtania, "Na wewe umeanza?" naye akatabasamu, jambo lililomshangaza mteja, akamsuka siku hiyo na mistari miwili zaidi ya aliyoombwa.

Ijumaa utepe ulikuja mwekundu, na mkono uleule. Baada ya hapo simu haikumwingiza tena mchezoni. Msusi alidhani wamefunga mapema kwa ajili ya Jumamosi. Aliirudisha simu chini ya mto wa mumewe, akasimama akimtazama alivyolala, mashavu yamebonyea, akajisikia kama mtu aliyeficha zawadi ndani ya nyumba.

* * *

"Leo ni Jumamosi," alimwambia alasiri.

"Najua ni Jumamosi."

"Wapigie."

"Niwapigie niwaambie nini?"

"Wapigie tu, baba. Alama zimepanda."

Alimtazama. Alikuwa amedhoofika kiasi kwamba kutazama kwenyewe kulichukua muda. Lakini kitu fulani usoni mwa mkewe kilimvuta mkono hadi chini ya mto. Aliweka simu kwenye kibao, akampigia Mrefu, akaweka sauti ya wazi. Wenzake walikuwepo wote, na mama yake alikuja kusimama mlangoni.

"Rangi wetu," alisema Saruji, na sauti yake ilikuwa na furaha ya kweli. "Ingia basi, tukuone."

Rangi alibonyeza. Kioo kikawa chekundu. Alikisoma, midomo ikitembea, akakisoma tena.

"Mrefu. Hebu ninyi mnaona nini huko?"

"Huku jina lako lina kufuli. Wanasema akaunti imefungwa. Daima."

"Kwa kutukana?"

"Hapana. Hawajasema matusi." Alisita. "Wanasema umewatelekeza wenzako. Mechi nyingi, umesimama kwenye kona mpaka wote wakafa. Rangi, wewe?"

"Mimi?" alisema Rangi. "Mimi nisimame kwenye kona?"

Kwa mara ya kwanza tangu aanguke alikuwa na uso wa mtu aliyeonewa kabisa, ambaye hana hata kipande cha kosa cha kushikilia. Msusi alikuwa amesimama miguuni pa kitanda. Angeweza kunyamaza. Alikuwa mtaalamu wa hilo, na hakuna ambaye angejua.

"Ni mimi," alisema.

"Ni wewe nini?"

"Nilikuwa nacheza ukilala. Niliambiwa kukaa kimya tu. Nikasimama mahali ambapo siwasumbui."

"Hukuwaona waliokuwa wanawajia kwa nyuma?" aliuliza Rangi, polepole.

"Niliwaona."

"Ukafanya nini?"

Alitafuta neno jingine, hakulipata. "Nilinyamaza."

Rangi alifumba macho. Simuni Mrefu alisema, "Shemeji, ni mimi niliyekwambia. Kosa langu." Saruji alisema labda afungue akaunti nyingine, na mtu mwingine akasema haiwezekani, wanafunga mpaka na simu yenyewe. Walizungumza hivyo kwa muda, wakirushiana mambo ambayo hayangesaidia, kisha wakaaga mmoja mmoja kwa upole mwingi, namna watu wanavyoaga msibani. Baada ya muda vitone vinne vya kijani viliwaka pembeni ya kioo chekundu. Walikuwa wameingia.

Rangi alikiondoa kibao kifuani akakiweka sakafuni, akashika chuma cha kitanda.

* * *

Hakula Jumapili, wala siku zilizofuata. Nesi alikuja, akambana ngozi ya mkono, ngozi ikabaki imesimama. Aliwatazama wale wanawake wawili bila kusema, kwa sababu alikwisha kusema.

Mama yake alijaribu kwa sauti ya mama. Alikaa ukingoni mwa kitanda na bakuli la supu, akamwimbia hata majina ya utotoni. "Baba yangu. Mume wangu mdogo. Kidogo tu, kwa ajili yangu." Kijiko kilikaa hewani mpaka mkono ukamchoka, akakirudisha. "Nimembembeleza kadiri ninavyojua kubembeleza," alimwambia mkamwana wake, na ndiyo mara ya kwanza alipomtazama kama mtu anayetegemea kitu kutoka kwake. "Mimi nimefika mwisho."

Msusi alichukua bakuli. Lilikuwa la vuguvugu. Mbele yake ulikuwa mgongo wa mumewe, mifupa yake imejipanga chini ya shati, na mbele ya mgongo huo ukuta ambao Rangi mwenyewe aliwahi kuupaka, mwaka waliooana, kwa rangi iliyobaki kazini. Barazani wateja wawili walikuwa wakimsubiri, wakiongea. Alijua watasikia. Alijua mtaa mzima utasikia, na kwamba neno likishatoka halitarudi, na mama mkwe hatakuwa na kabati la kuwaonyesha wageni tena.

"Kenge we," alisema.

Ilitoka ndogo, kama kukohoa. Mama mkwe aligeuza kichwa.

"Kenge we," alisema tena, kwa sauti ambayo hakujua anayo, na barazani maongezi yakakatika. "Ng'ombe. Pumbavu mkubwa. Unanisikia? Kenge."

Mgongo haukutikisika. Msusi alikuwa akilia sasa, makamasi na machozi, bakuli likigongana na vifungo vya gauni lake, na aliendelea kumwaga yote aliyowahi kuyasikia yakipita ukutani jioni zile, bila mpangilio, mpaka yakamwishia. Ndipo ikatoka sauti kutoka upande wa ukuta, kavu, ya mtu ambaye koo limeshikana.

"Unakosea."

"Nakosea nini?"

"Kitu kwanza," alisema Rangi. "Taja kitu kwanza."

Msusi alisimama pale na bakuli lake. Alitazama ule mgongo, akautazama ukuta, akatafuta ni kitu gani hasa, ubao gani, kamba gani. Akakipata, na kilikuwa kile ambacho kila mtu wa nyumba ile alikuwa amekiona tangu mwanzo, akaishia kuinua mkono kwa adabu kama Mrefu.

"Unakufa," alisema. "Unakufa, kenge we."

Mkono wa Rangi ukatoka chini ya shuka, ukapapasa hewani, ukakipata chuma cha kitanda, ukakishika. Haukuwa na nguvu ya kumgeuza. Alivuta, akapumzika, akavuta tena. Mama yake alitaka kumsaidia, Msusi akamzuia kwa kiwiko.

"Mkono, ng'ombe," alimwambia mumewe. "Ushikilie vizuri huo mkono."

Mama mkwe alilichukua bakuli taratibu kutoka mikononi mwake, akaenda nalo jikoni kulipasha moto.